Imani Wakati wa Msiba: Habari za Njiru

Yeyote apitaye Njiru wakati wa jioni, akaiacha Barabara ya Kangundo na kushika vijia vilivyo katikati ya majumba ya kupangisha, hakosi siku moja au nyingine kuona hema limesimamishwa mbele ya lango, na viti vya plastiki vimepangwa chini yake. Hana haja ya kuuliza kuna nini. Hapana mapambo wala shangwe za arusi. Pana meza moja yenye kitambaa cheupe, na juu yake picha ya mtu, Biblia, daftari na kalamu. Mara ajua kwamba nyumba ile imefiwa, na kwamba jua likisha kutua watu wa kanisa watakuja, mmoja mmoja na wawili wawili, wakitoka kazini na mifuko yao mikononi, waketi, waimbe, wasali, na kisha waandike majina yao katika lile daftari.

Jambo hili ni la kawaida mno, hata wengi wameacha kulitazama. Walakini mtu akitaka kujua jinsi imani ya Kikristo inavyomtia nguvu aliyepatwa na msiba, asianze kwa vitabu vikubwa vya elimu ya dini. Na aanze hapa, kwenye viti hivi.

Njiru iko upande wa mashariki wa Nairobi, mbele ya Kayole na Komarock kama uendavyo Ruai. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba wilaya ndogo ya Njiru, pamoja na mitaa mingine iliyomo ndani yake, ilikuwa na watu 626,482. Watu hao si wa ukoo mmoja wala wa kabila moja. Mlango huu akaa fundi mwashi kutoka Machakos, mlango wa pili karani kutoka Kakamega, na ghorofa ya juu mama auzaye mboga aliyetoka Murang'a. Hukutana ngazini na kusalimiana, wala si ajabu wakae mwaka mzima wasijuane majina.

Kule mashambani kifo kikitokea, hakuna aulizaye ni nani atakayekuja. Ukoo una kanuni zake: huyu atachimba kaburi, yule atatafuta kuni na maji, wazee watakaa na mfiwa, na wake za ndugu watapika. Lakini mtu afiwaye ndani ya chumba cha kupanga, ndugu zake wakiwa safari ya siku nzima, ataegemea bega la nani usiku ule wa kwanza? Swali hili makanisa ya mjini yalilazimika kulijibu, na jibu lao la kwanza halikuwa mahubiri bali mpango.

Maaskofu Wakatoliki wa Afrika ya Mashariki walishauriana juu yake katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976, wakaazimia kwamba kanisa lisiwe umati wa watu waonanao Jumapili tu, bali liwe jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, watu wa mtaa mmoja wakutanao nyumbani kwa mmoja wao. Hadi leo kila jumuiya huitwa kwa jina la mtakatifu, nayo ina mwenyekiti wake, mwandishi wake na mtunza hazina wake. Wapresbiteri nao wana wilaya zao chini ya wazee wa kanisa, Waanglikana wana Umoja wa Akina Mama, na makanisa ya Kipentekoste yana vikundi vyao vya nyumbani. Majina ni mbalimbali, kazi ni moja. Habari ya kifo ikifika saa kumi alfajiri, yuko mtu ambaye wajibu wake ni kuamka.

Ni vyema kukumbuka kwamba kumkaribia aliyefiwa na maiti yake halikuwa jambo jepesi kwa babu za baadhi ya watu hawa. Miongoni mwa Wakikuyu wa kale, isipokuwa wazee wenye heshima na mali, maiti haikuzikwa bali ilipelekwa porini, na aliyeigusa alihesabiwa kuwa na unajisi ambao ni lazima utakaswe. Wakristo wa kwanza katika nchi yao walipoanza kuwaosha wafu wao na kuwachimbia makaburi, majirani waliwaona kuwa watu wa ajabu na wa kuogopwa. Kwa hiyo yule mama wa Njiru aingiaye leo bila kubisha sana, akavua viatu na kuketi sakafuni kando ya mjane, ana nyuma yake ushujaa wa watu ambao hata majina yao hayajui.

Sasa, watu hao wakiisha kuketi, huzungumza nini? Hapa ndipo wengi wakosapo. Hofu ya ukimya humfanya mtu aseme neno lolote lijalo kinywani: kwamba Mungu alimpenda marehemu zaidi, kwamba yote hutokea kwa sababu, kwamba mfiwa ajikaze maana Mkristo halii. Kitabu cha Ayubu kimeonyesha kosa hili tangu zamani sana. Rafiki zake watatu waliposikia msiba wake walikuja kutoka mbali, wakararua mavazi yao, wakaketi naye chini siku saba mchana na usiku, wala hakuna aliyesema neno, kwa kuwa waliona jinsi maumivu yake yalivyokuwa makuu. Siku saba hizo walikuwa wafariji wa kweli. Walipofungua vinywa vyao na kuanza kumweleza kwa nini amepatwa, ndipo waliposhindwa, na mwisho wa kitabu Mungu mwenyewe awakemea.

Wala hakuna mahali katika Injili ambapo Mkristo amekatazwa kulia. Huko Bethania, Yesu alilia mbele ya kaburi la Lazaro, ingawa alijua kwamba baada ya kitambo kidogo atamwita atoke. Katika zaburi 150 zilizomo katika Biblia, nyingi ni vilio, na katika hizo imo ile ya 88, ambayo yaanza kwa kilio na kuishia gizani bila neno la faraja mwishoni. Waliokusanya zaburi hizo hawakuiona kuwa aibu, wala hawakuikata. Yafaa wahubiri wa matanga waikumbuke, maana yuko mfiwa ambaye usiku ule hawezi kuimba haleluya, na ni heri kwake kujua kwamba hata kilio chake kisicho na jibu kimo ndani ya sala za kanisa, si nje yake. Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama watu wasio na matumaini. Hakuwaambia wasihuzunike.

Mwaka 2020 ulikuja kuyapima mambo haya yote. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini Kenya mwezi wa Machi, na kabla mwezi haujaisha makanisa yalifungwa, na watu wakaamriwa kuwa ndani ya nyumba tangu saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mwezi wa Aprili ilikatazwa kuingia Nairobi na viungani mwake au kutoka, na katazo hilo halikuondolewa mpaka Julai. Mazishi yaliruhusiwa watu wachache tu, wasiozidi 15, tena yafanywe upesi. Hekima ya amri hizo kwa upande wa afya haikufichika. Lakini kwa mfiwa wa Njiru maana yake ilikuwa hii: hakuna hema, hakuna viti, hakuna nyimbo za jioni, na kama marehemu ni mzazi aliyefia nyumbani mashambani, huenda azikwe mtoto wake akisikiliza kwa simu.

Watu walipokea maneno yote mazuri waliyozoea kuyapokea. Mistari ya Biblia ilitumwa kwa simu, mahubiri yalisikika redioni, misa zilionyeshwa katika televisheni, na michango ilifika kwa M-Pesa. Hakuna fungu la maandiko lililopunguka. Kilichopunguka ni watu. Wengi ndipo walipotambua kwamba neno lile lile ambalo lingewashika imara likisemwa na jirani aliyeketi kando yao, lilikuwa jepesi kama karatasi lilipowafikia peke yake. Makanisa yalipofunguliwa tena mwezi wa Julai kwa watu wasiozidi 100 na kwa muda wa saa moja, wazee waliopita miaka 58 wakiwa bado wamezuiliwa, zilianza kufanywa ibada za kumbukumbu kwa ajili ya watu waliokwisha zikwa. Mgeni angeweza kusema kwamba hayo ni kurudia kazi iliyokwisha. Waliofiwa hawakuona hivyo.

Tena kanisa la Afrika ya Mashariki lilikuwa limekwisha pata somo la namna hii miaka mingi nyuma. Tarehe 16 Februari, 1977, Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana la Uganda, alikamatwa Kampala pamoja na mawaziri wawili, na kesho yake serikali ya Idi Amin ikatangaza kwamba wote watatu wamekufa katika ajali ya motokaa. Walioamini habari hiyo walikuwa wachache. Kaburi lake lilikuwa limechimbwa juu ya kilima cha Namirembe, kando ya kaburi la Askofu Hannington, lakini maiti haikutolewa. Ilipelekwa kaskazini kwao Mucwini ikazikwa huko. Jumapili ya tarehe 20 watu walikuja Namirembe kwa maelfu, wasijali hatari. Walisimama kulizunguka kaburi tupu, wakaimba. Hawakuwa na jeneza la kubeba wala udongo wa kutupa. Mtu asiye na imani angeliona shimo lile kuwa dhihaka juu ya msiba. Wao walilitazama wakakumbuka kaburi jingine ambalo wanawake walilikuta tupu alfajiri moja huko Yerusalemu.

Festo Kivengere, aliyekuwa Askofu wa Kigezi, alikimbia na mkewe siku zile zile, wakapanda milima kwa miguu usiku mpaka wakavuka kuingia Rwanda. Alikuwa mtu wa Uamsho, ile harakati iliyoanzia Gahini huko Rwanda na kufika Kenya mwaka 1937, na ambayo watu wake walijulikana kwa kuungama makosa yao waziwazi. Basi hata msiba ulipompata hakuacha desturi hiyo. Alikiri mwenyewe kwamba uchungu ulimjaa moyoni juu ya Amin, akaona kwamba chuki hiyo inamkausha, na kwamba akiwa Uingereza siku ya Ijumaa Kuu alitambua kuwa hana budi kusamehe. Mwaka ule ule alitoa kitabu ambacho jina lake liliwashtua wengi, kwa maana lilisema kwamba anampenda Idi Amin. Hakusema kwamba Amin hana hatia. Alisema kwamba yeye, Kivengere, hataki kuwa mfungwa wa mtu yule. Alifariki Nairobi mwaka 1988.

Si kila mfiwa ana adui wa kumsamehe, lakini walio naye ni wengi kuliko wasemavyo. Yuko aliyegongwa mtoto wake na matatu iliyokwenda mbio, yuko ambaye mumewe alianguka kutoka katika jengo lililojengwa bila uangalifu. Watu kama hao wakiambiwa wasamehe siku ya tatu huumizwa mara ya pili. Kivengere mwenyewe alihitaji wiki kadhaa, naye alikuwa askofu.

Kisha kuna shida isiyo kifo, nayo ina majonzi yake. Mvua za masika za mwaka 2024 zilizidi kiasi. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili maji yalishuka kwa ghafula karibu na Mai Mahiu yakachukua nyumba na watu, na kabla mvua hazijakoma waliokufa nchini kote walikaribia 300. Mjini Nairobi mito ilifurika, na waliokaa kandokando yake waliamriwa kuondoka. Wengi walipoteza vyombo, vitabu vya watoto, mtaji wa biashara na mlango wa kufunga usiku, yote kwa siku moja. Tarehe 10 Mei ilifanywa siku ya mapumziko, watu wapande miti na kuwakumbuka waliokufa. Katika siku zile watu waliohama makwao walilala katika madarasa na katika makanisa, na hapo mabenchi ya ibada yalisogezwa ukutani ili magodoro yapate nafasi. Mtu alalaye chini ya msalaba kwa kuwa hana pengine pa kulala, huenda asisikie mahubiri yoyote usiku huo, lakini hawezi kusema kwamba kanisa halikumwambia neno.

Haifai, hata hivyo, kusifu bila kupima. Liko kosa linalofanywa katika mitaa hii, nalo latoka katika lile daftari la mezani. Jina la mtu likikosekana katika orodha ya michango mara mbili tatu, pengine kwa sababu hana kazi, zipo jumuiya ambazo kwake zitakuja watu watano badala ya hamsini. Wako pia wahubiri wamwambiao mama kwamba mtoto wake amekufa kwa upungufu wa imani yake. Tena wako wafiwa ambao ndugu yao alijiua, nao huzikwa kimya kimya kana kwamba familia nzima imefanya jinai. Mambo hayo si ya Injili. Msamaria wa mfano ule hakuuliza kama aliyelala njiani ana deni la ada ya chama.

Na kosa kubwa kuliko yote huja baadaye. Basi la kusafirisha maiti likisha kwenda mashambani na kurudi, hema hufunguliwa, nyimbo hukoma, na wiki ya tatu mjane hujikuta peke yake na bahasha za karatasi. Mwenye nyumba ataka kodi. Shule yataka karo. Shemeji amepiga simu kuuliza habari za shamba. Wakati huu ndio wa hatari, maana machozi yamekwisha kuonekana na watu, na haya aliyo nayo sasa hayaonekani.

Waraka wa Yakobo unasema wazi kwamba dini iliyo safi ni kuwaangalia yatima na wajane katika dhiki yao, na dhiki ya mjane wa siku hizi mara nyingi imo ofisini. Lazima apate kibali cha mazishi, kisha cheti cha kifo. Lazima aende kwa chifu apate barua itajayo warithi wote wa marehemu, mke na watoto wote, bila kumwacha hata mmoja. Kwa barua hiyo na cheti hicho aweza kwenda mahakamani kuomba kusimamia mali, na ombi lake litangazwe katika Gazeti Rasmi la Serikali kwa siku 30 ili mwenye kupinga apate nafasi. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, humlinda mjane asifukuzwe nyumbani kwake na ndugu za mume. Lakini mlango wa sheria hauingiwi na mtu asiyejua ulipo, na mjane wa wiki ya tatu, ambaye hajalala vizuri tangu siku ya kifo, hana nguvu za kusimama katika foleni tatu asubuhi moja na kuambiwa arudi kesho.

Hapo ndipo karani wa jumuiya, mtu ajuaye kusoma fomu na kujaza bila kufuta, apatapo nafasi ya kuhubiri bila kupanda mimbara. Jumuiya nyingine zimeanza kufanya hivyo: huchagua watu wawili, mmoja mwanamke, wafuatane na mfiwa mpaka kwa chifu na mpaka mahakamani, tena wamtembelee kila wiki kwa miezi mitatu, iwe amechanga zamani au hakuchanga. Hawaendi na hotuba. Huenda na unga na sukari, humsalimu mwenye nyumba kwa jina la mtoto wake wa kwanza, huuliza watoto wamelalaje. Akitaka kumtaja marehemu wanamwacha amtaje, hata kama ni hadithi ile ile ya juma lililopita. Wakiisha husali kwa ufupi, mara nyingi yeye mwenyewe ndiye aombwaye kuchagua zaburi.

Mama mmoja akichagua ile ya 88, wanamsomea mpaka mwisho, wala hawamwongezei nyingine. Kisha mmoja wao huinuka kuweka maji ya chai jikoni, na yule wa pili hufungua bahasha, akazitandaza karatasi juu ya meza, kuona ni ipi itakayohitaji kupigwa mhuri Jumatatu.